UZI: Nasoma masta ya kuongoza okestra Marekani. Mnaotaka njia hii tafuteni mwalimu kwanza, chuo baadaye

Fidla ya Tanga (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Kuna uzi mmoja wa mambo ya skolashipu humu nilichomekea kwamba nasoma kuongoza okestra, basi toka siku ile PM hazikauki. Wengine wanauliza kama ni kozi kweli au natania, wengine inalipa shilingi ngapi, na walimu wa kwaya wengi tu wanataka kujua wanapitia mlango gani. Naona nijibu hapa hapa mara moja. Uzi ni mrefu, nitauweka kwa vipande maana natumia simu na kesho nina mazoezi asubuhi.

Mimi ni binti wa Tanga, fidla nimejifunzia Zanzibar, nimepiga taarab miaka kadhaa, nikasoma digrii ya kwanza ya muziki, ndipo nikapata nafasi ya masta huku. Chuo sikitaji, darasa letu tuko wachache mno mtu akitafuta dakika mbili ananipata. Namalizia mwaka wa mwisho sasa.

Haya. Yule mtu anayesimama na kijiti mbele ya okestra, lile kundi kubwa la wapiga vyombo, hatoi sauti yoyote. Ndio mwanamuziki pekee ukumbini asiyetoa sauti, na ndiye anayelaumiwa kila kitu kikiharibika. Sasa anasoma nini miaka miwili? Anasoma skoo, yaani lile kitabu lenye nota za vyombo vyote kwa pamoja, mistari inaweza kufika ishirini na zaidi kwenye ukurasa mmoja na unatakiwa uisikie yote kichwani kabla hujakutana na watu. Anasoma namna ya kuandaa pigo, kuonyesha kasi, kuonyesha sauti iwe ndogo au kubwa, kuwaingiza watu waliokaa kimya dakika kumi wakihesabu. Anasoma fidla zinavyovuta upinde, tromboni zinavyopumua. Na anasoma watu, hili hawaliandiki kwenye kozi autlaini lakini ni nusu ya kazi.

Sasa shida yetu kubwa ambayo wanafunzi wengine wa muziki hawana. Mpiga fidla akitaka kufanya mazoezi saa nane usiku anafungua sanduku lake anapiga. Mpiga kinanda anakaa kwenye kinanda. Mimi chombo changu ni watu sitini, wana mitihani, wana njaa, wana wapenzi wao, siwezi kukitoa kabatini nikakifanyia mazoezi. Dakika ninazopata mbele ya okestra zinahesabika, na kinachofanya dakika hizo ziwe na maana ni mtu mmoja tu, yule anayekuandaa kabla hujapanda na anayekuchambua ukishashuka. Ndio maana nasema mwalimu kwanza. Chuo kinaweza kuwa na ukumbi wa mabilioni na jina kubwa ila kama profesa wake yuko kwenye ndege kila wiki anaongoza okestra zake mwenyewe, wewe utabaki na ukumbi.

Naendelea.

Mchokozi Halisi

Yaani dada unavuka bahari kwenda kulipia ada ujifunze kupunga mikono? Si ungekuja hapa Tandale harusi za Jumamosi MC anapunga bure 😂😂

Bibi Kidude wa Mtandaoni

Mchokozi acha mtu aweke madini, hujaombwa ada wewe. Dada endelea tupo.

Fidla ya Tanga

😂 Mchokozi nitakujibu kwa mfano, shika hapa.

Miezi ya mwanzo mwalimu wangu alinipa vipimo vitano tu vya muziki, yaani vile vijisehemu vinavyotenganishwa na mistari ya wima kwenye nota. Simfoni (utungo mrefu wa okestra) ya 5 ya Beethoven, ule mwanzo ambao hata asiyejua muziki ameusikia kwenye matangazo, ta-ta-ta-taaa. Fungua skoo uone. Kitu cha kwanza kilichoandikwa pale sio sauti, ni pumziko. Pumziko dogo la nota ya nane. Maana yake pigo lako la kwanza linatua kwenye ukimya halafu watu wote waingie baada yake, kwa kasi, kwa nguvu, pamoja, na hamna ruhusa ya kuhesabu "moja mbili" kwa mdomo. Usipoandaa sawasawa fidla zinamwagika kama mahindi gunia limepasuka. Kwa hiyo lile pigo la kuandaa, ule mkono unaopanda kabla ya kushuka, lazima ndani yake iwemo kasi, iwemo nguvu, na iwemo pumzi. Unapumua na wao wanapumua.

Halafu nani anapiga pale? Wengi wanadhani okestra nzima. Hapana, ni vyombo vya nyuzi na klarineti mbili basi, tarumbeta zimekaa kimya, honi kimya. Mwalimu aliniuliza hilo kabla hajaniruhusu kuinua mkono. Alafu zile nota mbili za kushikilia, zile zenye alama ya kidoti na kijinyusi juu, hazilingani. Ya kwanza ni ya kipimo kimoja, ya pili imeandikwa kwenye vipimo viwili vilivyofungwa pamoja, kwa hiyo ya pili inatakiwa iwe ndefu zaidi. Sasa unaikataje? Mkono unaokata ndio huo huo unaoandaa kinachofuata, au unakata, unatulia, unaanza upya? Kila jibu linakupa Beethoven tofauti. Na yeye mwenyewe Beethoven aliweka kasi ya 108 kwa nota ya nusu, yaani kila kipimo kizima ni pigo moja tu la mkono, mwendo mkali ambao viongozi wengi wakubwa wameukwepa wakaenda taratibu zaidi. Muziki ulipigwa mara ya kwanza Vienna Disemba 1808 na mpaka leo watu wanagombana kuhusu hivyo vipimo vitano.

Sasa Mchokozi hiyo ndio kupunga mikono. Wakati nafanya hayo mwalimu hakai mbele yangu na hakai nyuma yangu, anakaa katikati ya wapigaji, mahali pa fidla za pili, anatazama uso wangu kama wao wanavyouona. Mara ya kwanza ananisimamisha hata sijashusha mkono. "Nimeshajua utachelewa." Amejua kwenye bega.

Mzee wa Solfa

Dada shikamoo yako kwa kazi hii (najua umri wangu mkubwa lakini leo nakupa). Mimi ni mwalimu wa kwaya parokiani huku Mwanza zaidi ya miaka kumi, nasoma solfa (zile d r m) vizuri sana, stafu (nota za mistari mitano) nasoma kwa kusuasua. Tunaimba sauti nne, misa kubwa tunapiga na tarumbeta za watoto wa shule. Swali langu je mtu kama mimi ninaweza kuingia kwenye hiyo masta au ni ya watu wa fidla tu?

Fidla ya Tanga

Mzee wangu marahaba naipokea kwa aibu 😅 shikamoo wewe. Swali lako ni zuri nitalijibu kwa kirefu mbele, kwa sasa jua tu kwamba solfa yako ni mtaji. Hapa kuna kitu kinawatesa wenzangu wa Kimarekani, vyombo ambavyo nota iliyoandikwa sio sauti inayotoka. Klarineti ya A ikiandikiwa C inatoka A. Honi ya F inatoka chini kwa hatua tano. Na mtunzi Mjerumani Brahms anaandika honi mbili za kitu kimoja na mbili za kitu kingine kwenye ukurasa huo huo, simfoni yake ya kwanza ya 1876 mbili ziko C na mbili ziko E-flat. Wenzangu wanapiga hesabu. Mtu aliyelelewa na solfa yeye "d" inahama toka akiwa mtoto, leo do iko hapa kesho iko pale, sikio halishtuki. Kinachosumbua ni macho, hapo lazima ukae na stafu mpaka ikuzoee, hasa ile ya viola, fidla kubwa kidogo, ambayo C iko mstari wa katikati, mimi nimeisoma nikiwa jikoni, chooni, kwenye basi.

Naomba niwaeleze sasa kuhusu ukoo. Hii fani inakwenda kwa ukoo kabisa, mtu anakuuliza "umesoma kwa nani" kabla hajauliza umesoma wapi.

Chukueni Leningrad, St. Petersburg ya leo. Alikuwepo mzee anaitwa Ilya Musin. Kuongoza kwenye majukwaa makubwa hakupewa nafasi inayomstahili, hakuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti na milango ilifungwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alihamishiwa Tashkent, na ni huko 1942 aliongoza simfoni ya 7 ya mtunzi Mrusi Shostakovich, ile ya Leningrad. Lakini maisha yake yalikuwa darasa. Alianza kufundisha miaka ya 1930 na alifundisha mpaka karibu na kifo chake 1999, akiwa na miaka tisini na kitu. Darasani hakuna okestra, kuna vinanda viwili na wapiga wawili, mwanafunzi anaongoza vinanda na mzee anamsimamisha. Viongozi wakubwa wa okestra waliotoka humo: Temirkanov, Gergiev, Bychkov, Currentzis, Sokhiev, na mwanamama Muingereza Sian Edwards ambaye alimfuata kule kule enzi za Sovieti, baadaye na yeye akafundisha London. Mwalimu wangu mimi alifundishwa na mtu aliyefundishwa na Musin. Kwa hiyo nikikosea pale kuna mtu wa 1930 ananikemea kupitia mdomo wa mwingine.

Finland sasa. Nchi ya watu kama milioni tano na nusu, karibu sawa na Dar es Salaam peke yake, lakini angalia viongozi wa okestra waliotoka kule: Salonen, Saraste, Oramo, Vänskä, Susanna Mälkki, Mikko Franck. Wote wamepita kwa mtu mmoja, Jorma Panula, aliyekuwa profesa Akademia ya Sibelius Helsinki kuanzia 1973 hadi 1993. Na baada ya kustaafu hakuacha, kijana Klaus Mäkelä wa mwaka 1996 alianza kwake akiwa na miaka 12, akapangiwa kushika okestra za Chicago na Amsterdam zote mbili kuanzia 2027. Siri ya Panula ilikuwa nini? Aliwapa wanafunzi watu halisi wa kuwaongoza, kikundi cha vyombo kila wiki, wakarekodiwa video, wakakaa kujitazama. Wala hakuwa mtu wa maneno mengi. Watu halisi kila wiki wakuu. Vyuo vingine mwanafunzi anaiona okestra mara mbili kwa muhula.

Na msisahau Vienna kwa mwalimu Swarowsky. Abbado na Mehta, ambao baadaye walikuwa viongozi wakubwa, walikuwa wanafunzi wake miaka ya 50, mazoezi ya mabingwa yalikuwa yamefungwa wanafunzi hawaingii, hawa wawili wakajiunga na kwaya, wakaimba besi, ili waingie ukumbini wamtazame Karajan na Bruno Walter wakifanya kazi. Mzee wa Solfa unaona kwaya inavyofungua mlango 😀

Viola ya Korogocho

Niaje wasee. Huu uzi umenifikia kwa roho. Mimi nimepitia Ghetto Classics hapa Nairobi, ile programu ya muziki ya watoto wa Korogocho ilianza 2008, viola nilipewa mkononi nikiwa class seven sijawahi hata kuiona kwa picha. Saa hii nasaidia kufundisha wadogo. Ile story ya kukaa katikati ya wapigaji imenigusa juu sisi hukaa huko, na nakwambia sisi hujua within sekunde tano kama huyu wa mbele ameisoma skoo ama amekuja kujaribu bahati. Swali, mwalimu wako anakupatia nini nje ya darasa? Juu hapa watu hudhani mentor ni mtu wa kukuandikia recommendation tu.

Fidla ya Tanga

Viola karibu sana, umesema kweli tupu, nyie mnajua mapema kuliko mtu yeyote.

Nje ya darasa. Muhula wa kwanza mwalimu alinikataza kuongoza rekodi. Wengi ndio mazoezi yetu, unaweka YouTube unasimama mbele ya kioo unaongoza. Alisema acha kabisa, rekodi haikufuati, wewe ndio unaifuata, unajifunza kuwa wa nyuma. Badala yake alinikalisha ndani ya okestra ya chuo, dawati la mwisho fidla za pili, mahali ambapo hausikiki na hauheshimiwi, nikaona kila kiongozi mgeni anavyoonekana kutoka kule. Wengine wanasahau kabisa kama tupo. Kuna mmoja alikuwa anasimamisha muziki kila baada ya sekunde kumi anatoa hotuba, watu wanatazama saa. Kutoka siku hizo nilishika kanuni: ukisimamisha sema wapi, sema nani, sema nini, endelea. "Kipimo cha 40, selo, fupi zaidi." Basi. Watu wanataka kupiga hawataki wasifu wa Brahms.

Jioni za mazoezi yangu anakuja. Sio lazima aje, kazi yake imeisha saa kumi na moja, ila anakuja anakaa viti vya nyuma na skoo yake na vikaratasi. Tukimaliza tunasimama pale nje kwenye maegesho ya magari, baridi ya kuua, nimevaa makoti mawili na kanga nimejifunga kiunoni ndani hakuna anayejua, ananipitisha kikaratasi kimoja kimoja. Cha mwisho mara nyingi hakihusu muziki. Kuna siku kilisema tu "mshukuru obo". Kwenye ile simfoni ya 5 kuna mahali katikati ya ghadhabu yote muziki unasimama na obo, kile chombo chembamba cha kupuliza, inabaki peke yake inaimba sentensi moja fupi ya taratibu, mpigaji aliipiga vizuri ajabu na mimi nikapita kama basi la mkoani halijaona kituo. Nikampigia simu usiku ule ule.

Ananipigia Jumapili pia. "Uko na skoo? Ukurasa wa 62, basuni ya pili inafanya nini?" Maswali ya namna hii sio yake, ni ya zamani, kiongozi Fritz Reiner alikuwa anawashtukiza nayo wanafunzi wake pale chuo cha muziki cha Curtis Philadelphia, Leonard Bernstein, aliyekuja kuwa kiongozi maarufu wa Marekani, akiwa mmoja wao kuanzia 1939. Reiner alikuwa mkali wa kutisha, kijiti chake kinatembea padogo sana hadi wapigaji wa nyuma wanakodoa macho. Bernstein akaenda na kwa Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, kule Tanglewood kwenye masomo ya muziki ya kiangazi, darasa la kwanza kabisa 1940, huyu naye moto na machozi. Walimu wawili tofauti kabisa na wote wanaonekana ndani yake. Vifungo vya mikono ya shati alivyopewa na Koussevitzky alikuwa anavibusu kabla ya kila onyesho mpaka uzeeni.

Kwa hiyo barua ya mapendekezo ndio kitu kidogo kabisa Viola.

Dada wa Uswazi

Samahani kuuliza, wanawake mko wangapi huko? Maana mie picha ninazoziona ni mababu weupe wenye nywele zimesimama.

Fidla ya Tanga

Tunaongezeka dada, ila njia haikuwa rahisi. Mmarekani Marin Alsop alikataliwa darasa la kuongoza pale Juilliard, chuo cha muziki New York, zaidi ya mara moja. Alichofanya 1984 akaunda okestra yake mwenyewe New York, Concordia, mfanyabiashara wa Kijapani Tomio Taki akamsaidia pesa, akapata watu wa kuwaongoza. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 80 akaingia Tanglewood, Bernstein akamchukua. 2007 akawa mwanamke wa kwanza kushika okestra kubwa ya Marekani, Baltimore. 2013 mwanamke wa kwanza kuongoza usiku wa mwisho wa Proms, lile tamasha kubwa la muziki London, na hiyo Proms ipo toka 1895! Na toka 2002 ana mfuko wa kuwalea viongozi wanawake, ameupa jina la yule yule Taki. Na Mälkki niliyemtaja juu alikuwa mpiga selo kiongozi kule Gothenburg kabla hajashika kijiti, sasa mkiniuliza kwa nini naagiza watu wapige chombo kwanza ndio hivyo.

Mutoto wa Kamalondo

Bonjour wote. Miye niko Lubumbashi. Nasoma vizuri lakini sikubaliane na dada kabisa. Kule Kinshasa kuko Orchestre Symphonique Kimbanguiste, Armand Diangienda aliianzisha 1994, alikuwa pilote wa ndege, si mutu wa conservatoire. Hakuna profesa, hakuna masta. Fidla zilikuwa kidogo, watu banapokezana, kamba ikikatika wanaweka waya ya breki ya kinga (baiskeli). Leo banapiga Beethoven ya 9 na Carmina Burana, kazi kubwa za kwaya na okestra. Sasa mwalimu wake ni nani?

Fidla ya Tanga

Kaka umenibana na nafurahi. Yule mzee namheshimu kuliko maprofesa wengi, na ukweli unapingana na kichwa cha uzi wangu kwa sehemu.

Ila tazama alichofanya. Yeye alianza na watu. Okestra ipo pale, mazoezi jioni karibu kila siku, watu wale wale miaka na miaka, wanakua pamoja naye. Alikuwa na hicho ambacho sisi tunavuka bahari kukitafuta, saa nyingi mbele ya binadamu wenye vyombo. Wapigaji wake ndio waliomfundisha. Alsop vilevile, aliunda watu kwanza. Kwa hiyo narekebisha kidogo: unahitaji watu wa kuongoza na unahitaji jicho la kukutazama, ukiwa na watu bila jicho utafika ila utazunguka sana, ukiwa na jicho bila watu hufiki kabisa. Masta nzuri inakupa vyote viwili kwa wakati mmoja, mbovu haikupi hata kimoja na inakudai.

Na mbovu zipo. Kabla sijaja huku nililipia kozi fupi ya kiangazi Ulaya, jina naliacha, tangazo linasema okestra kamili. Tukafika tuko wengi kama abiria wa Mwenge, wengine wakawa "watazamaji" na pesa tumelipa ile ile karibu, kwenye jukwaa nilikaa muda mfupi kuliko niliokaa foleni ya viza. Kwa hiyo popote mnapoomba ulizeni swali moja tu kwa maandishi: kwa wiki nitapata dakika ngapi mbele ya vyombo, vyombo vingapi? Wakikujibu kwa mashairi kimbia.

Mutoto wa Kamalondo

Sasa tunaelewana. Aksanti dada.

Mchokozi Halisi

Na taarab je? Mbona taarab haina mtu wa mbele na inapigwa vizuri tu toka enzi za Sultani Barghash wa Zanzibar. Hapo ndio mnipe jibu 😏

Fidla ya Tanga

Mchokozi leo umeuliza swali la maana, sikutegemea 😂

Kweli kabisa. Barghash alimtuma mtu Cairo akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwani Safaa wapo toka 1905, fidla zinakaa safu nzima, selo, akodiani, na hakuna mtu wa kijiti. Tunamfuata mwimbaji, tunamtazama mpiga kanuni, fidla ya kwanza akivuta pumzi sote tunajua. Nimekulia humo. Nilipokuja huku mwalimu akagundua jambo, kwamba nasubiri. Mkono wangu unawasikiliza wapigaji kabla ya kuamua. Nilidhani ataniambia niache, kumbe alisema hicho ndio wenzako watakitafuta miaka ishirini, sasa jifunze tu lini usisubiri. Simfoni ina watu sitini hadi mia, wa nyuma yuko mbali mita kumi na tano, akisubiri kusikia fidla ya kwanza ndipo aingie ameshachelewa. Hapo mkono unahitajika. Lakini kwenye sehemu laini, obo inaimba na nyuzi zinatembea chini yake, nawaachia na mwalimu anatabasamu kule nyuma.

Mpenda Hela

Tuje kwenye point. Inalipa? Nani analipa ada?

Fidla ya Tanga

Ada: mimi nimepata nafasi ya usaidizi, chuo kinafuta ada na kunipa posho ya kuishi ya kubanabana, na mimi natumikia. Napanga viti, nachapa nota, natia alama za upinde kwenye nota za fidla zote usiku kucha, naongoza mazoezi ya sehemu mwalimu akisafiri, na siku ya onyesho nasukuma kinanda. Vyuo vingi vya serikali huku vina utaratibu wa namna hii kwa masta ya kuongoza kwa sababu wanahitaji mikono. Usije kwa kujilipia, nasema kwa herufi kubwa USIJE KWA KUJILIPIA.

Kulipa baadaye: usidanganyike. Nafasi ni chache, waombaji kibao. Watu wanaanza na okestra za vijana, okestra za mitaa, kuwa msaidizi wa kiongozi mkubwa, na anayetaka kufundisha chuo kikuu huku mara nyingi anadaiwa udaktari wa muziki. Kwa nyumbani mimi naona kazi ipo tofauti, kwaya zipo maelfu, bendi za shule, za polisi, za jeshi, na Nairobi wana okestra zao tayari.

Na onyesho la kuhitimu hakuna anayekuletea okestra. Unaunda. Unamwomba huyu fidla, yule selo, mpiga basuni wanamgombania watu wote. Wenzangu wanawalipa kwa pizza. Mimi nimepika pilau, kachumbari na juisi ya ukwaju kutoka duka la Wahindi, na sasa hivi napata wapigaji kuliko mtu yeyote darasani, hadi tuba wanauliza mazoezi lini 😂

Mzee wa Solfa

Dada usinisahau mzee wako.

Fidla ya Tanga

Sijakusahau mzee. Kuna masta ya kuongoza kwaya na kuna ya kuongoza okestra, ni milango miwili. Ya kwaya unaingia na ulichonacho pamoja na kinanda kidogo na stafu. Kama roho yako iko okestra, anza chombo kimoja cha nyuzi sasa hata kwa kuchelewa, sio uwe bingwa, ujue mkono wa kulia wa fidla unachoka wapi.

Maombi mengi ya vyuo vya Marekani yanafungwa Disemba mosi. Kwanza unatuma video, wakikupenda wanakuita ana kwa ana Januari hadi Machi, wanakupa okestra dakika chache, wanakupima sikio, wanakuuliza maswali ya skoo. Kabla ya yote hayo mwandikie profesa mwenyewe baruapepe fupi, omba somo moja la mtandaoni, wengi wanakubali. Somo hilo ndio utajua kama ni mwalimu wako. Akikusifia tu dakika arobaini tafuta mwingine.

Kuhusu video, walimu wengi wa kwaya wanakosea jambo moja, wanaweka kamera nyuma kama ya harusi, tunaona mgongo na suti. Kamera ikae kwa waimbaji, ikutazame uso na mikono yote, kuanzia kiunoni kwenda juu, na hakikisha wanasikika. Usitume onyesho peke yake, tuma na kipande cha mazoezi ukiwa unasimamisha na kurekebisha, hicho ndio wanakitazama zaidi. Tarumbeta za watoto wa shule waweke, hata kama zinalia kidogo, unavyozirekebisha ndio wanachotaka kuona.

Ukisharekodi nitumie PM niitazame kabla hujaipeleka. Jumapili usinipigie lakini, Jumapili napigiwa mimi.

Mzee wa Solfa

Nimeelewa. Ijumaa tuna mazoezi ya Matawi, nitamwomba kijana wa sakristia ashike simu upande wa besi.